Mnyama Hajui Mpaka: Habari za Ayala wa Marekani



Leo nataka kuwaeleza habari za mnyama ambaye wengi wetu twamjua kwa jina tu. Ni ayala, yule tunayemsoma katika Zaburi. Katika Afrika yote iliyo kusini ya jangwa la Sahara hakuna ayala wa asili. Sisi tunao swala, paa, kulungu na kongoni, na pembe za hao haziachi kichwa mpaka mnyama afe. Ayala sivyo. Pembe za dume lake zina matawi kama mti, nazo huanguka kila mwaka na kuota tena. Jike, katika aina nitakazozitaja, hana pembe kabisa. Tafadhalini mlikumbuke neno hili la pembe, maana mbele tutaona jinsi lilivyoleta matata.

Habari yenyewe ni hii. Watu wa Marekani walikaribia kuwamaliza ayala wao. Wakajuta, wakawalinda kwa sheria, na wanyama wakaongezeka. Kisha wakaona jambo ambalo hawakulitazamia: ulinzi usio na kipimo umewatia wanyama wale wale katika njaa. Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hii mara ya kwanza, mmoja akainua mkono akaniuliza, “Mwalimu, je, mtu aweza kumwokoa mnyama kwa kumpiga risasi?” Swali lake ni zuri, nami nitajaribu kulijibu kwa historia.

Tuanze Uingereza, kwa kuwa sheria za kwanza za Marekani zilitoka huko. William, mtawala wa Normandy, aliiteka Uingereza mwaka 1066. Alipenda mno kuwinda, akatenga nchi kubwa ziwe misitu ya mfalme. Mmoja wa misitu hiyo, uitwao New Forest, ulitengwa yapata mwaka 1079, nao uko hata leo. Katika misitu hiyo ayala alikuwa wa mfalme, hata kama amesimama katika shamba la maskini na kula ngano yake. Waandishi wa siku zile waliandika kwamba mtu aliyeua ayala alipofushwa macho. Mwaka 1217 ndipo ilipotolewa Hati ya Misitu, ikaamuru kwamba mtu asipoteze tena uhai wala kiungo cha mwili kwa ajili ya nyama ya mfalme. Atozwe faini, na asiye na kitu atiwe kifungoni.

Watu waliovuka bahari kwenda Marekani hawakutaka kuuona tena msitu wa mfalme. Katika katiba ya Pennsylvania ya mwaka 1776 waliandika kwamba wenyeji wana uhuru wa kuwinda, kwa majira yafaayo, katika ardhi zao wenyewe na katika ardhi nyingine zote zisizozungushiwa ua. Tazameni vizuri maneno hayo. Ardhi yenye ua ni ya mwenyewe, na ardhi iliyo wazi huingiwa na kila mtu. Lakini ayala si wa yeyote mpaka apigwe. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba wanyama wa porini ni wa watu wote kwa pamoja, na serikali ya jimbo ni mlinzi wao. Kwa hiyo mwenye shamba aweza kufunga mlango wake, lakini hawezi kusema kwamba ayala aliyelala shambani mwake ni mali yake kama ng’ombe.

Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wamewinda ayala tangu zamani, wakila nyama na kuvaa ngozi. Wazungu walipofika, ngozi zikawa bidhaa, zikasafirishwa Uingereza maelfu kwa maelfu. Walakini uharibifu mkubwa ulikuja katika karne ya kumi na tisa. Misitu ilikatwa kwa mbao na kwa mashamba. Bunduki zilifanywa bora. Reli zilifika kila mahali, na mwindaji aliyeua ayala milimani aliweza kuiuza nyama yake mjini baada ya siku chache. Hapakuwa na mtu aliyepima. Ilipofika mwaka 1900, katika wilaya nyingi za mashariki mtu aliweza kuishi miaka mingi asione hata nyayo za ayala. Hukisiwa kwamba katika nchi nzima ayala wenye mkia mweupe walikuwa wamebaki nusu milioni tu.

Hapo watu walishtuka. Mwaka 1900 bunge la Marekani lilitoa sheria ya kukataza kusafirisha kutoka jimbo moja kwenda jingine nyama ya mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria. Kabla ya hapo, mwaka 1895, jimbo la Pennsylvania lilikuwa limeunda baraza la kusimamia wanyama wa porini. Mwaka 1897 likakataza kuuza nyama ya ayala na kuwawinda kwa mbwa. Mwaka 1907 likatoa sheria iliyopata sifa kuliko zote: mtu asiue ila dume lenye pembe. Mwaka 1913 kila mwindaji akatakiwa kununua hati ya kuwinda kwa dola 1, na kwa fedha hizo mwaka 1920 baraza likaanza kununua ardhi, ili watu wasio na shamba wapate mahali pa kuwinda. Ardhi hizo leo zapita eka milioni moja na nusu.

Sitaki kuwaficha upande mwingine. Sheria hizo ziliwaangukia zaidi wanyonge. Mwaka 1909 Pennsylvania ilimkataza mgeni ambaye hajawa raia asiwinde, wala asimiliki bunduki ya kuwindia, na wengi wa wageni hao walikuwa wachimba makaa waliotafuta kitoweo. Chuki ikazidi. Askari wa wanyama walipigwa risasi misituni, na wengine waliuawa. Basi mtu akiwaambia kwamba wanyama waliokolewa kwa upole, mjue hakuisoma historia yote.

Lakini ayala walirudi. Misitu iliyokatwa ilianza kuchipua, na machipukizi mafupi ni chakula kizuri cha ayala. Wala walaji hawakuwapo tena, kwa maana puma na mbwa-mwitu walikwisha kuuawa zamani katika jimbo lile. Sasa fanyeni hesabu, ninyi wanafunzi. Dume mmoja hupanda majike wengi. Mkiua nusu ya madume, majike wote watazaa vilevile mwaka ujao. Na jike aliyeshiba mara nyingi huzaa watoto wawili. Sheria ya kulinda kila jike ni nzuri mnapotaka kundi likue. Lakini sheria ile haina mahali pa kukomea.

Ilipofika miaka ya 1920, wakulima wa Pennsylvania walilalamika kwamba mazao yao yanaliwa. Watu wa misitu nao waliona ishara nyingine. Ukitazama chini ya miti uliweza kuona mbali, kana kwamba mtu amefagia, maana kila jani ambalo ayala aweza kulifikia lilikuwa limeliwa, na mche uliochipua haukupata kuwa mti. Wakati wa baridi, theluji ilipofunika nchi, watoto walikufa kwanza, kwa sababu hawafikii matawi waliyoyafikia mama zao. Wanyama wakubwa waliobaki walikonda, na watoto wao wakazaliwa wadogo.

Baraza likasema kwamba sasa sharti majike wapunguzwe. Mwaka 1923 waliruhusu jambo hilo katika mahali pachache. Mwaka 1928 wakaigeuza sheria juu chini: dume asiguswe mwaka huo, na jike awindwe. Wawindaji wengi walikataa kwa ukali. Kwa muda wa miaka ishirini walikuwa wamefundishwa kwamba mtu mwema hamui jike, na baba walikuwa wamewafundisha watoto wao hivyo. Je, waliofundisha walikuwa waongo? Hapana. Fundisho lilikuwa la kweli kwa wakati wake, na wakati ulikuwa umepita. Naona kwamba hili ndilo gumu kupita yote katika habari hii. Kumwambia mtu aache jambo baya si kazi kubwa kama kumwambia kwamba jambo jema alilolizoea limezidi kipimo.

Wakati huo huo, upande wa magharibi, lilitokea jambo kubwa zaidi. Katika jimbo la Arizona, ukingoni mwa bonde refu liitwalo Grand Canyon, kuna nchi ya juu yenye misitu iitwayo Kaibab. Ayala wa huko ni wa aina nyingine, wenye masikio marefu kama ya nyumbu yule mtoto wa punda na farasi. Ardhi hiyo ni ya serikali kuu. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliitenga iwe hifadhi, kusudi ayala walindwe. Huyu ndiye Roosevelt aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, baada ya kumaliza urais wake, akapanda gari la moshi kwenda bara kuwinda wanyama kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya Washington. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuchukia bunduki. Alitaka wanyama wasimalizwe.

Katika Kaibab uwindaji wa ayala ulikatazwa. Kondoo na ng’ombe waliolisha huko wakapunguzwa. Tena wawindaji wa serikali waliwekwa kuua wanyama walao nyama. Katika miaka 25 hivi waliua puma zaidi ya 700, mbwa-mwitu wapatao 30, na maelfu ya koyote, ambao ni jamaa ya mbweha. Ayala wakaongezeka sana. Mwanzoni walikisiwa kuwa 4,000. Mwaka 1924 wengine walisema wamefika 30,000, wengine wakasema 100,000. Hakuna aliyewahesabu kwa hakika, lakini wote waliofika waliona kwamba malisho yamekwisha na mbavu za wanyama zaonekana.

Serikali kuu ikataka wapunguzwe kwa bunduki. Serikali ya jimbo ikakataa, ikisema kwamba sheria za wanyama ni zake. Hata wawindaji waliopewa ruhusa na serikali kuu wakakamatwa na askari wa jimbo. Mtu mmoja, George McCormick, akatoa shauri la tatu: ayala waswagwe kama ng’ombe, washuke bondeni, wavuke mto, wapande ng’ambo ya pili penye malisho. Basi mwezi wa Desemba 1924 walikusanyika watu wengi, wazungu pamoja na Wanavaho, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi zile, wakajipanga msituni na kengele na vyombo vya kupiga kelele. Theluji ikaanguka sana. Ayala, badala ya kwenda mbele, wakageuka na kupenya katikati ya watu, wakarudi walikotoka. Hata mmoja hakuvuka. Na wakati wa baridi wa mwaka ule na wa mwaka uliofuata, wengi walikufa kwa njaa.

Mwaka 1928 Mahakama Kuu ilikata shauri la Arizona na serikali kuu. Ilisema kwamba mwenye ardhi ana haki ya kuilinda ardhi yake isiharibiwe, na serikali kuu, kwa kuwa ardhi ni yake, yaweza kupunguza ayala walioiharibu. Walakini hukumu ilikuja baada ya wanyama kwisha kufa. Wakubwa waliposhindana juu ya nani ana haki, hakuna aliyewangojea ayala.

Wataalamu wamebishana sana juu ya Kaibab. Mwaka 1970 mmoja wao alionya kwamba hesabu za zamani hazitegemeki, na ya kuwa kupunguzwa kwa kondoo huenda kulifanya kazi kubwa kuliko kuuawa kwa puma. Onyo hilo lilikuwa la haki. Lakini mwaka 2006 wengine walitoa habari za miti iitwayo aspeni, baada ya kuhesabu umri wake. Waliona kwamba miti iliyochipua katika miaka ile ya ayala wengi ilikuwa michache mno. Miti ilitoa ushahidi kwamba ayala walikuwa wamezidi kweli.

Mtu aliyeyatafakari mambo hayo kuliko wengi alikuwa Aldo Leopold. Katika ujana wake alikuwa afisa wa misitu, naye aliamini kwamba mbwa-mwitu wakipungua, ayala watazidi, na wawindaji watafurahi. Baadaye aliona milima iliyoliwa mpaka udongo, akabadili fikira zake. Alipokuwa mwalimu wa chuo kikuu katika jimbo la Wisconsin, aliwaambia watu kwamba majike sharti wapunguzwe. Mwaka 1943 jimbo lilifungua siku chache za kuwinda madume na siku chache za kuwinda majike, na ayala zaidi ya 100,000 waliuawa. Watu walikasirika mno, wakamtukana hata katika magazeti. Yeye hakulipiza matusi. Aliendelea kuwaonyesha miti iliyoliwa. Alifariki mwaka 1948, alipokuwa akisaidia kuzima moto wa nyika karibu na shamba lake.

Sasa tuje kwenye ardhi za watu binafsi, ambako jambo ni zito zaidi. Serikali yaweza kutoa hati nyingi za kuwinda majike, lakini haiwezi kumlazimisha mwenye shamba kufungua mlango. Siku ya kwanza ya kuwinda, ayala huhama upesi ardhi ya watu wote yenye mlio wa bunduki, wakaingia katika milki iliyofungwa, wakatulia humo. Majira yakiisha hutoka, wakala mahindi ya jirani ambaye hakumfungia mtu yeyote. Hivyo mwenye milki mmoja aweza kuharibu kazi ya majirani kumi, wala hakuvunja sheria.

Majimbo yamejaribu njia mbalimbali. Mwaka 1936 Pennsylvania ilianza mapatano na wakulima: mkulima huwafungulia wawindaji shamba lake, na baraza humletea askari wa kulinda nyumba na mifugo yake. Baadaye ilianza kuwapa wenye ardhi vibali vya ziada vya majike, kwa hesabu ya eka zao. Katika jimbo la Texas, ambako sehemu kubwa sana ya ardhi ni ya watu binafsi, wenye ardhi huwakodisha wawindaji nafasi. Njia hiyo humfanya mwenye shamba amtunze ayala kwa sababu anapata faida. Lakini maskini asiye na fedha ya kukodi hubaki nje ya ua. Ndiyo maana ardhi zilizonunuliwa kwa dola za wawindaji zina thamani kubwa. Mwaka 1937 bunge liliamuru pia kwamba kodi ya bunduki na risasi igawanywe kwa majimbo kwa kazi ya wanyama, na fedha hizo hutolewa hata leo.

Siku hizi kipimo hakifanywi kwa kukisia tu. Wawindaji huwapelekea wataalamu wanyama waliowaua, nao hutazama meno wapate kujua umri, na hutazama uzito wa vijana, maana kundi lenye njaa huwa na vijana wepesi. Tena huingia msituni kutazama kama miche inapata kukua. Ayala wenye mkia mweupe sasa hukisiwa kuwa wapata milioni 30. Kazi haijaisha, kwa maana katika majimbo mengi wawindaji wanapungua, miji inatambaa ndani ya misitu ambamo bunduki haiwezi kupigwa, na ugonjwa usio na dawa ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967, ambao humkondesha ayala mpaka afe, unaenea.

Narudi kwa yule mwanafunzi na swali lake. Nilimjibu hivi: “Mwanangu, risasi haimwokoi mnyama anayepigwa. Kipimo ndicho kiokoacho kundi.” Zamani bunduki bila kipimo ililimaliza kundi. Baadaye huruma bila kipimo ililitia katika njaa. Na hata kipimo chenyewe hakifai kitu kama kila mwenye ardhi anapima peke yake, maana kundi ni moja, ingawa ua ni nyingi.

Sisi tulio mbali na ayala twaijua habari hii kwa njia nyingine. Nguruwe-mwitu na nyani hawaulizi shamba ni la nani. Wazee wetu walipotoka kwenda kuwafukuza, walitoka kijiji kizima, na yule aliyebaki nyumbani aliwasababishia hasara wote. Ninyi mlio shuleni, mtakapokuwa wakubwa mtaitwa katika mabaraza ya kuamua juu ya msitu, mto, samaki, au wanyama. Siku hiyo ulizeni kwanza kuna wangapi, na malisho yanatosha wangapi. Kisha mwulizeni jirani anaonaje upande wake wa mpaka.